Siku Arobaini za Mwanzo na Kichanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Uchagani na kuhamia Mbagala. Maana yake, kila nilipojifungua, na nimejifungua mara tatu, nyumba yetu ya vyumba viwili ilipokea bibi wawili, mila mbili, na jiko moja la kugombania. Maswali haya ndiyo wanayonipigia simu kuniuliza wadogo zangu, mawifi na majirani, mengi yao saa nane za usiku. Mimi si muuguzi. Penye hatari nimeandika yale wanayofundisha kliniki; penye mila nimesema ninavyoona mimi.

Hivi ni lazima mzazi akae ndani siku 40?

Lazima hapana, lakini ukiniuliza mimi nitakwambia kaa. Watu hudhani arobaini iliwekwa kwa ajili ya mtoto, asipigwe na upepo wala jicho la hasidi. Hebu tazama ni nani hasa anayehudumiwa: anayekorogewa uji ni mama, anayekandwa ni mama, asiyeruhusiwa kuinua ndoo ni mama. Kichanga ana haja zake chache, titi, usingizi na nepi kavu. Aliyechanika au kushonwa, anayetoka damu na kukesha, ni yule mwingine.

Na hesabu hiyo hawakuifikia wazee peke yao. Damu ya nifasi kwa wengi hukoma kati ya wiki ya 4 na ya 6. Kliniki inakutaka urudi kuangaliwa wiki ya 6, yaani siku ya 42. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inasema mama asifanye kazi ndani ya wiki 6 tangu ajifungue, mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza. Bibi yangu wa Pangani hakuwahi kuisoma sheria hiyo, na bado wamepishana siku 2 tu.

Kilichobadilika ni mji. Kwa bibi, arobaini ilibebwa na shangazi, mashemeji na wajukuu; mmoja anachota maji, mwingine anafua, mwingine anakimbizana na mtoto mkubwa. Huku kwetu unamkuta mzazi wa siku tano yuko peke yake, mume kesharudi kazini, mwenyewe ameinamia beseni la nepi na mshono unamvuta. Kukaa ndani namna hiyo ni kufungiwa tu. Kama huna ndugu wa kuja, panga mapema, mimba ikiwa na miezi saba au minane: nani atafua, nani atapika, nani atampeleka mkubwa shule. Kama una pesa ya jambo moja tu, kati ya kitanda cha mtoto na kumlipa mtu wa kufua kwa mwezi mmoja, lipa mtu wa kufua. Mtoto hajui kitanda.

Ila kukaa ndani kusiwe kulala kitandani kutwa. Tembeatembea chumbani na uani tangu siku za mwanzo, hasa uliyepasuliwa, maana damu huweza kuganda miguuni kwa kutojongea. Na ukiitwa kliniki siku ya saba, nenda. Arobaini haivunjiki kwa kwenda kliniki.

Kukandwa na kufungwa mkaja kunasaidia kweli?

Kukandwa mgongo, kiuno na miguu kwa maji ya vuguvugu ni raha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilikuwa naisubiri kuliko chakula. Tatizo ni wale wanaoamini maji yasipochemka "damu chafu" haitoki. Jirani yangu mmoja aliungua tumbo, akawa na vidonda viwili: cha uzazi na cha maji. Mji wa mimba hujirudi wenyewe, na anayeusaidia ni mtoto akinyonya. Ndiyo maana siku za mwanzo, akishika titi tu, tumbo linasokota. Kwa hiyo maji yawe ya kuvumilika kwa mkono wako mwenyewe, yasipite juu ya mshono wa upasuaji, na yasimwagwe ukeni.

Mkaja unashika kiuno na kumfanya mtu ajione ana mwili tena. Ukifungwa mpaka huwezi kuvuta pumzi vizuri, au mkojo unapenya wenyewe, ulegeze. Kitambi hakitaondoka kwa mkaja pekee, tusidanganyane.

Nile nini ili maziwa yatoke?

Mama yangu: uji wa pilipili manga. Mama mkwe: mtori na supu ya mifupa. Walishindana kimya kimya wiki nzima na mimi nikala vyote, sikuona sababu ya kuamua kesi hiyo. Maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya; kadiri titi linavyomwagwa ndivyo linavyojaa. Chakula kinakupa wewe nguvu. Anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya kawaida, kama mlo mdogo mmoja wa ziada kwa siku, na maji mengi. Kwa damu uliyopoteza, dagaa, maini, maharage na mchicha, pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, ambavyo wengi wetu huvitupa kabatini mara mtoto akizaliwa.

Nitajuaje kama maziwa yanamtosha?

Swali hili ndilo linaloingiza maziwa ya kopo nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika. Siku 2 au 3 za mwanzo linatoka dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, kidogo kidogo. Usiyakamue ukamwaga kwa kudhani ni machafu. Ni kinga, na tumbo la kichanga lenyewe ni dogo mno. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Usipime kwa kilio. Pima kwa nepi. Choo cha kwanza ni cheusi kama lami, kinageuka kijani, kisha kufikia siku ya tano hivi kiwe cha manjano. Kuanzia hapo, akilowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, anapata. Mizani nayo inasema: kichanga hupungua uzito siku za mwanzo, hata kufikia asilimia 10, na anatakiwa awe ameurudisha anapotimiza wiki 2. Usishtuke kuona kapungua siku ya tatu. Shtuka asipopanda siku ya kumi na nne.

Mama anayeishi na VVU naye ananyonyesha, huku akimeza ARV kila siku bila kuruka na mtoto akipewa dawa ya kinga. Kipimo cha mtoto hufanywa akiwa na wiki 4 hadi 6. Uliza kliniki, usimsikilize jirani.

Joto la Dar hili, kweli asipewe hata maji?

Hata kijiko. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, zaidi ya asilimia 85, ni maji, na wakati wa joto mtoto atanyonya mara nyingi zaidi na kujipatia. Ukimpa maji unamjaza tumbo kwa kitu kisicho na chakula, na maji yetu haya unayajua yalikopita. Miezi 6 ni titi tu, na dawa au matone aliyoandikiwa na mganga wa hospitali. Uji mwepesi wa miezi mitatu, maji ya glukosi, ile dawa ya tumbo ya chupa, vyote havina kazi hapo. Kwa Waislamu wanaomfanyia mtoto tahniki, kumgusisha tende laini ni jambo jingine, lakini asali isubiri mpaka atimize mwaka. Ina vijidudu ambavyo utumbo wa kichanga hauwezi kupambana navyo.

Chuchu zinaniuma mpaka nalia. Ni kawaida?

Kuwasha kidogo siku za mwanzo, sawa. Kuchanika na kutoka damu maana yake hajashika vizuri. Mdomo uwe wazi kama anapiga miayo, kidevu kiguse titi, na aingize sehemu kubwa ya ule weusi, si ncha ya chuchu. Akishika vibaya, mtoe kwa kuingiza kidole pembeni mwa mdomo wake, mrudishe upya. Utarudia mara kumi, ndivyo ilivyo.

Titi likijaa na kuwa gumu kama embe bichi, kanda kwa maji ya uvuguvugu, kamua kidogo lilainike, mnyonyeshe. Likiwa jekundu upande mmoja na homa ikapanda, hilo ni la hospitali, na huku ukitibiwa endelea kunyonyesha.

Kwa nini analala mchana kutwa na kukesha usiku?

Kwa sababu hajui usiku ni nini. Kichanga hulala saa 16 hivi kwa siku, ila vipande vipande vya saa 2 au 3, na mwili wake huanza kutofautisha mchana na usiku akiwa na miezi 2 hadi 3. Unachoweza ni kumsaidia: mchana muache sebuleni penye mwanga na kelele za watu; usiku taa ndogo, hakuna kumchekesha, nepi ibadilishwe kimya kimya.

"Lala mtoto anapolala" kila mtu anakwambia, hakuna anayekwambia vyombo vitaoshwa na nani. Kwetu kilichofanya kazi ni zamu. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba, mtoto alikuwa wa baba yake: ananiletea nikiwa nimelala ubavu, ananyonya, anamchukua, anambeulisha, anambadilisha. Baada ya saa saba ni wangu. Saa 4 za usingizi hazitoshi, lakini mtu anayezipata bado anaweza kuhesabu chenji dukani.

Alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto, bila vile vimito vya kutengeneza kichwa, ndani ya chandarua chenye dawa. Ukilala naye kitanda kimoja, asiwepo hapo mtu aliyekunywa pombe au dawa ya usingizi, na msisinzie naye kwenye kochi. Walio Njombe, Mbeya na Lushoto wanisikilize: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama limeshashika vizuri na halitoi moshi. Hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Sisi wa Pwani tuna wazimu wa upande wa pili, mtoto wa Januari anavalishwa sweta, soksi na kofia ya sufu. Mguse shingoni kwa nyuma. Kukiwa na jasho, punguza nguo.

Kila jioni analia saa mbili nzima. Si chango hilo?

Bibi wote wawili walikubaliana hapa tu: chango. Mmoja akataka majani ya kuchemsha, mwingine mzizi. Ukweli ni kwamba vichanga wengi hulia zaidi jioni, kilio kinaongezeka mpaka wiki ya 6 hivi, kisha kinapungua, na anapofika miezi 3 au 4 kinakuwa kimetulia. Anakunja miguu, anajamba, uso unakuwa mwekundu, na bado ni mzima. Hakikisha ameshiba, amebeuliwa, ni mkavu, hana joto. Kisha mvue nguo umweke kifuani ngozi kwa ngozi, au mfunge mbeleko mzunguke naye. Mwanangu wa pili alinyamazishwa na sauti ya bodaboda ikinguruma nje. Wengine bomba la maji.

Ukihisi hasira inapanda, na itapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika kadhaa, unawe uso. Kulia hakumdhuru. Kutikiswa kunamdhuru, ubongo wake unaweza kuvuja damu.

Kitovu kinakatika lini, na nikipake nini?

Kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 2. Usipake kitu chochote ambacho hukupewa na kituo cha afya: si mate, si majivu, si dawa ya meno, si mafuta ya nazi. Nepi ikunjwe chini ya kitovu, kibaki kikavu na wazi. Kikianza kutoa usaha, kunuka, au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, usingoje kesho.

Mama mkwe alikuja na kichupa cha samli kwa kazi hiyo. Sikubishana. Nilimwambia, "Mama, nesi kasema kitovu hiki kinatakiwa kikauke, na mimi sioni vizuri kwa kuinama. Naomba wewe ndiye uwe unakiangalia kila asubuhi kama kiko kavu." Tangu siku hiyo hata mimi nilikuwa siruhusiwi kukigusa bila kunawa mikono. Bibi akipewa cheo anaacha dawa. Samli tuliilia ugali.

Na ile imani kwamba kitovu kikiangukia sehemu za siri za mtoto wa kiume atakuwa hanithi: kimeangukia hapo kwa watoto wangapi ndani ya nepi, na leo ni akina baba. Isikukoseshe usingizi, ulio nao ni mchache tayari.

Macho yamekuwa ya manjano. Nimuoteshe jua?

Manjano ya kawaida huanza siku ya 2 au ya 3 na kuisha ndani ya wiki 2, na dawa yake kubwa ni kunyonya mara nyingi ili apate choo. Manjano yaliyoanza kabla hajatimiza saa 24, au yaliyofika viganjani na nyayoni, au mtoto amelegea hataki titi, ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Kule anawekwa chini ya taa maalumu. Jua la asubuhi haliwezi kazi hiyo, na walionipa ushauri wa jua hawakuwahi kunieleza nifanye nini masika.

Anapiga chafya, ana kwikwi, matiti yamevimba… yote haya ni nini?

Ya kawaida yote. Chafya anasafisha pua, kwikwi haihitaji uzi mwekundu kwenye paji la uso. Matiti ya kichanga, wa kike au wa kiume, huvimba kwa sababu ya homoni alizotoka nazo kwa mama na yatanywea yenyewe. Kuyakamua kunaleta jipu. Mtoto wa kike anaweza kutoa tone la damu wiki ya kwanza, sababu ni hiyo hiyo. Kucheua maziwa kidogo baada ya kunyonya, sawa. Harara shingoni, mpunguzie nguo. Dettol isitiwe kwenye maji yake ya kuoga, na wanja usipakwe kwenye macho; baadhi ya wanja una madini ya risasi.

Ni dalili zipi hazingoji asubuhi?

Hataki kunyonya au amekuwa mzito wa kuamka kupita kawaida. Degedege. Anapumua haraka, pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani. Joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, au amekuwa wa baridi chini ya 35.5. Anatapika kijani. Kitovu na manjano nilishasema. Kwa kichanga hakuna "tumpe panadoli kwanza tuone."

Mama naye: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, uchafu unaonuka, homa, maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, watu wengi hawalijui hili. Mzazi akisema kichwa kinampasuka, asiambiwe ni uchovu.

Wakwe wanasema mtoto ana meno ya plastiki. Nimkatalie vipi mkubwa?

Hapa ndipo heshima yangu kwa wazee inapokoma. Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi ni meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Mtoto akipata homa au kuharisha, vinasingiziwa, vinachokonolewa kwa kitu kisicho safi, na mtoto anapata damu kumwagika, maambukizi, hata pepopunda. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi ni vile vile. Ugonjwa uliomletea homa unabaki ndani bila kutibiwa.

Kumkatalia mkubwa peke yako, ukiwa mzazi wa wiki tatu, ni vigumu. Mwachie mume aseme na mama yake, hiyo ni kazi yake na si yako. Sisi tulisingizia kadi ya kliniki: "Shikamoo mama. Mtoto huyu ana kadi, kila kinachofanywa kinaandikwa humu, tukienda na kidonda tutaulizwa." Hakuna bibi anayependa kuulizwa na nesi.

Wageni wanajaa. Nifanye nini?

Waje, ndiyo hongera zenyewe, na shilingi anayowekewa mtoto kiganjani isikataliwe. Wanawe mikono, wasimbusu usoni, mwenye mafua amwangalie mlangoni. Mgeni wa kweli anauliza "nikusaidie nini?" na anajibiwa bila haya: vyombo viko pale, shoga.

Mtoto mzima, mume mwema, na mimi nalia tu. Nina nini?

Kulia kulia kuanzia siku ya 3 hivi huwapata wazazi wengi na hupita ndani ya wiki 2. Kilio kikipita hapo, au huwezi kulala hata mtoto akilala, huoni ladha ya chakula, unahisi mtoto si wako, au unawaza kujidhuru au kumdhuru yeye, hiyo ni sonona baada ya kujifungua. Ina tiba, na haimaanishi umekosa shukrani au imani. Mawazo ya kudhuru ni ya kwenda hospitali leo, na mtu akusindikize.

Ilinipata kwa mtoto wa pili, si wa kwanza, ndiyo maana sikuitambua. Nilidhani mtu akishajua kazi haiwezi kumshinda. Aliyeiona ni mama mkwe, yule wa samli. Alinikuta nimekaa na mtoto amelowa, mimi natazama ukuta. Hakusema neno. Alimbadilisha mtoto, akaniosha miguu, kesho yake akanipeleka kituo cha afya akiwa amevaa kanga zake za kanisani. Nesi alipouliza nani ni mgonjwa, akajibu, "Mtoto wangu huyu," akaninyooshea kidole mimi.

Baba anasaidiaje, zaidi ya kununua pampasi?

Sheria ya Tanzania Bara inampa siku 3 za likizo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya ni wiki 2. Siku 3 zinaisha mkiwa bado mnatafuta kofia ya mtoto. Kwa hiyo kazi yake ni ya jioni na usiku: zamu niliyoieleza, kuogesha, kufua, kumtuliza mkubwa anayeona wivu, na kusimama mlangoni dhidi ya ndugu zake mwenyewe. Akionekana na majirani akianika nepi watamcheka mara mbili, mara ya tatu wamezoea. Wa kwangu walimbatiza jina, halafu wake zao wakaanza kulitaja jina hilo majumbani mwao kwa nia nyingine.

Tukikutana kimwili tutambemenda mtoto?

Mtoto habemendwi na tendo la ndoa. Maziwa hayaharibiki. Ila nadhani wazee waliona kitu cha kweli: mama akishika mimba upesi, mtoto wa mgongoni anaachishwa ziwa mapema, anadhoofu, anavimba miguu. Kosa la tendo lilikuwa mimba. Leo kuna njia ya kutenganisha hayo mawili.

Subirini damu ikome na vidonda vipone, wengi ni wiki 6, na mama awe tayari moyoni pia. Kunyonyesha kunazuia mimba endapo mambo matatu yote yapo: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya tu usiku na mchana, na hajatimiza miezi 6. Moja likikosekana, kinga imekwisha. Kijiti na kitanzi vinamfaa anayenyonyesha, na vinaweza kuwekwa hata kabla hujaruhusiwa kutoka wodini. Inashauriwa kukaa miezi 24 kabla ya mimba nyingine.

Chanjo na cheti?

BCG, ile ya kifua kikuu, na matone ya polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, halafu surua na rubella miezi 9 na 18. Kipele cha BCG kikitumbuka begani, kiache. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali liweke na kadi. Usajili wa RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa, unatakiwa ndani ya siku 90, usisubiri mpaka anaanza shule.

Likizo ikiisha, maziwa yatakuwaje?

Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa pacha. Ukirudi, sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mwajiri wangu wa zamani alijifanya hajawahi kuisikia, nikamchapishia. Anza kukamua wiki 2 kabla. Maziwa yanakaa nje saa 4 kama joto halizidi nyuzi 25, na Dar ya Februari inazidi, kwa hiyo friji, hadi siku 4. Yapashwe kwa kuweka chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yasichemshwe. Dada wa kazi afundishwe kumnywesha kwa kikombe kidogo. Chupa ni ngumu kusafisha.

Wa mwenzangu anacheka, wangu ananikodolea macho tu. Atacheka lini?

Kile kicheko cha usingizini hakihesabiwi. Cha kweli, cha kumwona mtu, huja karibu na wiki ya 6, wengine ya 8. Akifika miezi 3 bila, mtaje kliniki. Wa kwanza wangu alicheka siku ya 43. Nilikuwa nimemwinamia, mama yangu kushoto, mama mkwe kulia, baba yake na simu tayari kwa picha. Alitupita sote akalichekea pangaboi.